Msomaji wa Nyumbani na Msikilizaji Wake

Katika taabu zote zinazomkabili mtu aliyeazimia kujifunza nyumbani, ugumu wa kitabu si taabu iliyo kubwa kuliko zote, wala uchache wa fedha, wala uchovu wa mwili uliokwisha kufanya kazi mchana kutwa, ingawa zote hizo ni taabu za kweli na sina nia ya kuzidunisha. Taabu inayozipita zote ni kwamba hakuna ajuaye kama mtu huyo amesoma au hakusoma. Mwanafunzi wa shule akikosa darasa, nafasi yake huonekana tupu, jina lake huitwa likakosa mwitikaji, na kesho yake huulizwa alikuwa wapi. Msomaji wa nyumbani akikiacha kitabu chake wiki nzima, jua litachomoza na kutua, watu wa nyumba wataamkiana kwa heri, na hapana hata mmoja atakayemwuliza habari za ukurasa alioishia. Nimeshuhudia watu wenye akili njema na shauku kubwa wakilegea namna hiyo, polepole, hata wasiweze kuitaja siku waliyoacha.

Wanaotoa nasaha juu ya jambo hili aghalabu humhimiza msomaji atenge pembe yake chumbani, aweke meza na taa, agawe saa za kusoma na saa za kupumzika, abandike ratiba ukutani, aiweke mbali simu yake ya mkononi, na ajiahidi zawadi ndogo kila amalizapo sura. Nasaha hizo ni njema, nami nimeona zikifaa. Lakini zote zina upungufu mmoja, nao ni kumtaka mtu mmoja awe mwanafunzi, na mwalimu, na mnyapara, na kadhi wa nafsi yake kwa wakati mmoja, kazi ambayo hata watawa waliojitenga na dunia waliiona nzito. Ratiba iliyobandikwa kwa mkono wa mtu mwenyewe hubanduliwa kwa mkono ule ule, na zawadi aliyojiahidi huweza kujipa kabla ya wakati wake pasiwe na wa kumshtaki. Mimi naamini kwamba ari ya kujifunza haidumu katika moyo wa mtu mmoja ikiwa hakuna mtu wa pili anayeisikia, na kwamba yule tunayemlaumu kwa uvivu, mara nyingi zaidi kuliko tulivyo tayari kukiri, ni mtu aliyekosa msikilizaji.

Nitapingwa, najua, kwa mifano ya watu wakuu waliojielimisha katika upweke, na wa kwanza atakayetajwa ni Abu Ali ibn Sina, mwanafalsafa na tabibu aliyezaliwa mwaka 980 karibu na mji wa Bukhara, ambaye ameacha habari za ujana wake kwa maneno yake mwenyewe. Anasimulia kwamba usiku alikuwa akirejea nyumbani, akiweka taa mbele yake, akisoma na kuandika mpaka usingizi umlemee, na hata alipolala aliyaota masuala yale yale aliyokuwa akiyatafakari, na mengine yakamfunukia usingizini. Alipokifikia kitabu cha Aristotle cha Metafizikia alikisoma mara 40 hata akakihifadhi, na pamoja na kukihifadhi asiyajue makusudio yake, akaikatia tamaa nafsi yake, akasema hicho ni kitabu kisicho na njia ya kufahamika. Ndipo alasiri moja, katika soko la wauza vitabu, dalali akamnadia kitabu ambacho yeye alikikataa kwa kuchoka, na dalali akamsihi akinunue kwa kuwa ni rahisi, dirhamu 3 tu, na mwenyewe ana haja ya fedha. Akakinunua, kumbe ni maelezo ya mwanafalsafa al-Farabi juu ya makusudio ya kitabu kile kile, akafanya haraka kurudi nyumbani, akakisoma, na yote aliyokuwa ameyahifadhi yakamwelea papo hapo, hata kesho yake akatoa sadaka nyingi kwa maskini kumshukuru Mungu.

Wanaoisimulia habari hii hupenda kuzitukuza zile mara 40, wakamfanya Ibn Sina kuwa dalili ya kwamba ajitahidiye peke yake atafika. Mimi nazitazama zile dirhamu 3. Akili ambayo karne kumi hazikutosha kuisahau ilikwama, tena haikukwama kwa kukosa bidii, bali kwa kukosa sauti ya pili. Na sauti hiyo ilipopatikana, ingawa al-Farabi mwenyewe alikuwa amekwisha kufa tangu mwaka 950, jambo zima lilifunguka. Wala tusiisahau nyumba aliyokuwa akirejea. Baba yake alikuwa mtu wa serikali aliyependa elimu, akamkaribisha mwalimu, al-Natili, akae nyumbani mwao kwa ajili ya kijana wake, na kijana akasoma kwake mantiki na mwanzo wa hesabu za Euclid. Taa ile haikuwashwa katika nyumba isiyojua inawashiwa nini.

Wazee wetu wa pwani hawakuhitaji kuambiwa haya. Katika vyuo vya Kurani, tangu Lamu hata Kilwa na Ngazija, mtoto hakusoma kwa macho tu. Alisoma kwa sauti, ubao wake mbele yake, na mwalimu, akiwa amezungukwa na sauti nyingi zinazosoma mahali mbalimbali, aliweza kumkatiza mmoja wao kwa herufi moja iliyokosewa. Waliokua wakataka kuzidi katika fikihi, nahau na tafsiri, walikwenda darasani msikitini, baada ya alfajiri au baina ya magharibi na isha, ambako mmoja alisoma matini na sheikh akaeleza, na wengine wakafuata katika nakala zao. Kisha wakarejea makwao wakadurusu wawili wawili barazani, mmoja akimsikiliza mwenziwe. Utaratibu huo umelaumiwa sana, na lawama nyingine ni za haki, maana wako watoto waliohitimu pasipo kufahamu waliyoyasoma, na bakora ilitumika pasipo haja. Walakini ulilijua jambo moja ambalo shule za leo hulipata bila ya kulitafuta, na kwa hiyo hazimfundishi mtu namna ya kulitafuta atakapokuwa peke yake, nalo ni kumsomea mtu mwingine.

Hata elimu kwa njia ya posta, ambayo kwa dhahiri yake ni elimu ya upweke kabisa, ilianza kwa kuitambua haja hiyo. Isaac Pitman, Mwingereza aliyetunga mwandiko wa mkato, aliwapelekea wanafunzi masomo yake kwa posta tangu mwaka 1840, mwaka ule ule barua zilipoanza kusafirishwa Uingereza nzima kwa peni moja. Na siri ya kazi yake haikuwa katika kupeleka masomo, kwa kuwa kitabu pia kingaliweza kupelekwa, bali katika kupokea kazi za wanafunzi, kuzisahihisha, na kuwarudishia.

Lakini aliyelifahamu jambo hili kwa undani kuliko wote, kwa maoni yangu, alikuwa mwanamke wa Boston, Anna Eliot Ticknor, ambaye mwaka 1873 aliasisi chama cha kuwahimiza wanawake kusoma majumbani mwao, wakati ambapo milango ya vyuo vikuu vingi vya Marekani ilikuwa imefungwa mbele yao, na wengi wao walikuwa wameshikwa na malezi, na uuguzi wa wazazi, na umbali wa mashamba. Chama hakikuwa na jengo la darasa. Kilikuwa na maktaba iliyoazimisha vitabu kwa posta, na kilikuwa na wanawake wa kujitolea, kila mmoja akiwa na wanafunzi wake, aliowaandikia kila mwezi kuwauliza wamesoma nini, wamefahamu nini, na wao wenyewe wanaonaje. Nao wakamjibu, wakimwandikia waliyoyakumbuka huku kitabu kimefungwa. Mwanakemia Ellen Swallow Richards aliongoza masomo ya sayansi. Katika miaka 24 ya uhai wa chama hicho, hata kilipovunjwa mwaka 1897 baada ya kufa mwasisi wake, zaidi ya wanawake 7,000 walipita mikononi mwake. Hapakuwa na shahada mwishoni, wala cheo, wala nyongeza ya mshahara. Mtu ataniuliza ni kitu gani basi kilichowafanya warudi kwenye kitabu usiku, baada ya watoto kulala na vyombo kuoshwa, nami sina jawabu jingine ila kwamba kila mwezi palikuwa na mtu, katika mji ambao wengi wao hawakupata kuuona, aliyekuwa akiingoja barua yao.

Hapa kwetu Tanzania jambo hilo lilifanywa kwa wingi ambao vijana wa leo hawausikii sana. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni 2 walikutana katika vikundi vya kusoma, mijini na vijijini, kwa muda wa wiki 12, wakisikiliza redio pamoja, wakisomewa kitabu na mmoja wao aliyefunzwa kuongoza, kisha wakajadiliana juu ya malaria, kuhara na kichocho, wakaondoka hapo wakaenda kuchimba vyoo. Redio ile ingaliweza kusikilizwa na kila mtu peke yake kitandani mwake, tena kwa gharama ndogo zaidi. Lakini waliopanga kampeni walijua kwamba anayesikiliza peke yake husinzia. Katika miaka hiyo hiyo Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ilianzisha masomo kwa njia ya posta, na makarani, na askari, na walimu wa shule za mbali wakawa wakiingoja bahasha yenye kazi zao zilizosahihishwa. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992 na kuwapokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1994, ni mrithi wa mambo hayo, nacho kimeweka vituo mikoani ili mtu anayesoma Sumbawanga au Lindi awe na mlango wa kubisha.

Linganisha hayo na mwaka 2020, shule za Kenya zilipofungwa mwezi wa Machi na madarasa mengi yasifunguliwe hata Januari ya mwaka uliofuata. Masomo yalirushwa kwa redio na televisheni, na ilikuwa juhudi ya kusifiwa. Lakini mbali na wale wengi wasiokuwa na chombo cha kuyapokea, hata aliyekuwa nacho aliachwa mbele ya sauti iliyosema pasipo kusikia. Mzazi aliyeketi na mwanawe baada ya kipindi akamwambia, "Haya, nieleze," hata kama mzazi huyo hakupita darasa la saba, alimpa mtoto kitu ambacho kituo cha redio hakikuwa na njia ya kumpa.

Mtu ninayemfikiria zaidi, hata hivyo, ni yule ambaye Baraza la Mitihani la Tanzania humwita mtahiniwa wa kujitegemea: kijana wa miaka 19 au mama wa miaka 35, aliyefanya mtihani wa kidato cha nne akapata sifuri, au asiyepata kuufikia kabisa akalazimika kuanza na Mtihani wa Maarifa, na sasa anasoma kwao, kwa madaftari ya kuazima na mitihani ya miaka iliyopita aliyoitoa nakala stesheneri, akiungoja mtihani wa Novemba. Matokeo ya mtihani wake wa kwanza yalitangazwa, na siku hiyo mtaa mzima ulikuwa na simu mkononi. Shangazi aliyeko Mwanza aliyajua kabla ya jua kutua. Yakasemwa maneno, mengine ya pole na mengine ya kuchoma, na baadhi ya yale ya pole ndiyo yaliyochoma zaidi.

Basi mtu aliyeanguka mbele ya watu, akiamua kujaribu tena, hujaribu kwa siri. Hujisajili katika kituo kilicho mbali na mtaa wake, hukificha kitabu chini ya godoro, husema anakwenda kazini kumbe anakwenda tuisheni, na akiulizwa ana mipango gani hujibu kwamba anatafuta biashara. Yote hayo ili akianguka mara ya pili pasiwe na ajuaye. Hoja yake naifahamu na moyo wangu unamhurumia. Lakini kwa kuficha maanguko yake ya kesho ameificha pia juhudi yake ya leo, na juhudi isiyoonwa na mtu ni rahisi mno kuiacha, maana kuiacha hakumgharimu aibu yoyote. Ada imekwisha kulipwa, namba ya mtahiniwa imekwisha kutolewa, na siku ya mtihani kiti hakina mtu. Wengi wa hao hawakushindwa na somo la hisabati wala la fizikia. Walishindwa miezi mingi kabla, nyumbani, usiku ambao hapana aliyewauliza kitu. Na lawama hapa siiweki juu ya kijana. Naiweka juu ya jamaa na majirani, sisi tulioichukua sifuri ya karatasi tukaifanya kuwa lakabu ya mtu, na tukamfunza kwamba salama yake i katika kutuficha mambo yake.

Liko jambo jingine katika nyumba zetu lisilosemwa sana: mtu aliyeketi na kitabu haonekani kuwa anafanya kazi. Anayetwanga aonekana, anayefua aonekana, hata aliyelala huachwa kwa kuwa amechoka; lakini anayesoma ndiye wa kwanza kutumwa dukani, kwa sababu mikononi mwake hamna kitu ila karatasi. Kwa mtoto wa kiume huja huruma kidogo, akaambiwa asome kwanza. Kwa binti haiji. Yeye huitwa kuchota maji katikati ya sentensi, akirudi huitwa kubembeleza mtoto, na akichelewa kuitika huambiwa kwamba kitabu kimemtia kiburi. Mgeni ana haki yake, msiba una haki yake, na mimi singetamani nyumba ambayo msomaji wake hupitwa na maiti ya jirani asiinuke. Ila pana tofauti kubwa baina ya nyumba inayomwinua msomaji kwa haja na nyumba inayomwinua kwa sababu haikutambua kuwa amekaa juu ya jambo. Saa moja iliyokubaliwa na nyumba nzima, ikatajwa mbele ya wote, mkubwa na mdogo, kwamba hii ni saa ya fulani ya kusoma, ina nguvu kuliko saa nne alizoziiba usiku hali anasinzia.

Namfahamu binti mmoja wa Tanga aliyekatiza shule kwa sababu ya ujauzito, kabla ya mwezi wa Novemba 2021 ambapo Serikali iliruhusu mabinti wa hali hiyo kurudi katika shule rasmi. Alipoanza kusoma nyumbani, mtoto mgongoni, alikuwa katika hali hii hii ninayoieleza, akisoma huku akivizia watu wasimwone. Bibi yake, mtu aliyejua kuusoma msahafu na asijue herufi za Kizungu, alikuwa na ada ya kuchagua mchele barazani baada ya alasiri, na siku moja akamwita. "Njoo hapa mjukuu wangu, nisomee na mimi nijue hicho kinachokukesha." Binti akasema, "Bibi, kimeandikwa kwa Kiingereza." Bibi akajibu, "Nisomee hivyo hivyo, kisha unieleze kwa lugha yetu." Akamsomea habari za mzunguko wa damu, jinsi moyo ulivyo na vyumba vinne, na damu inavyotoka humo kwenda mwilini na kurejea, na alipokuja kuyaeleza kwa Kiswahili aligundua kwamba sentensi alizozihifadhi vizuri hazikumjia, kwa kuwa alikuwa ameyashika maneno tu. Akajikongoja. Bibi akasikiliza mpaka mwisho, mkono wake haujaacha ungo, akauliza: "Sasa hiyo damu ikishafika huku kidoleni, nayo inapanda juu, kitu gani kinachoizuia isirudi chini ilikotoka?" Binti hakuwa na jawabu. Akaingia ndani akatafuta katika vitabu viwili, akaona kwamba ndani ya mishipa irejeshayo damu moyoni mna vilango vidogo vinavyoipisha upande mmoja tu, vikajifunga inapotaka kurudi. Kesho yake bibi ndiye aliyeanza: "Umekiona kinachoizuia?"

Katika swali hilo la pili naona kila kitu ambacho ratiba ya ukutani haina. Bibi yule hakuwa mwalimu wa biolojia, wala hakuweza kujua kama jawabu ni sahihi. Alichokuwa nacho ni kumbukumbu ya jana na haja ya kujua leo. Na kwa binti anayesoma kidato cha nne kwa Kiingereza, lugha ambayo nyumbani mwao haisemwi, sharti la kuyaleta maarifa barazani kwa Kiswahili lilikuwa mtihani mkali kuliko ule wa Novemba, tena mtihani usio na sifuri. Tangu hapo saa ile ya baada ya alasiri ikawa yake. Aliyemwita kumtuma aliambiwa na bibi kwamba asubiri, kwa kuwa kuna jambo wanalolitazama.

Nimewafikiri pia wale waliosoma mahali ambapo hakuna ambaye angepachagua pawe nyumba yake, ila walipafanya nyumba kwa miaka mingi kwa kulazimishwa. Katika kisiwa cha Robben, alikofungwa Nelson Mandela tangu mwaka 1964 hata 1982, taa za seli ziliwaka usiku kucha, na baada ya muda wafungwa waliokuwa na idhini ya kusoma waliruhusiwa kukesha mpaka saa nne au saa tano za usiku wakati wengine wameamriwa kulala. Idhini hiyo ilitolewa na kuondolewa kwa matakwa ya wakubwa wa gereza; maandiko ya Mandela juu ya maisha yake yalipogunduliwa mwaka 1977, yeye na wenzake Walter Sisulu na Ahmed Kathrada walinyang'anywa haki ya masomo kwa miaka minne. Shahada yake ya sheria ya Chuo Kikuu cha Afrika Kusini, chuo cha kusomesha kwa posta, aliipata mwaka 1989, angali kifungoni. Ustahimilivu wa namna hiyo husimuliwa kana kwamba ulitoka katika kifua cha mtu mmoja. Ila mchana, katika machimbo ya chokaa, wafungwa wale walifundishana huku wakichimba, Sisulu akiwasomesha historia ya chama chao kwa kumbukumbu, aliyejua jambo akimpa asiyejua, hata mahali pale pakaitwa chuo kikuu na wenyewe waliokuwamo. Aliyerudi seli kwake jioni kufungua kitabu alijua kwamba kesho ataulizwa na mwenziwe aliye karibu naye, sururu mkononi.

Lakini si kila sikio lafaa. Yuko anayeuliza habari za masomo ili apate la kusimulia, na yuko mzazi anayeuliza juu ya matokeo tu, hata kitabu kikawa kwa mwanawe deni linalodaiwa kila mlo. Anayemsikiliza msomaji vyema huuliza juu ya jambo lenyewe: damu inarudije, Wajerumani waliingiaje Kilwa, kwa nini chumvi hushusha kiwango cha kuganda kwa maji, na akiona mwenziwe amechoka humwacha apumzike pasipo kumhesabia. Mtu mmoja wa namna hiyo atosha, hata akiwa mtoto wa darasa la tano.

Na wako wasio naye hata mmoja. Namkusudia kijana aliyetoka kwao akapanga chumba Mbagala au Manzese, anayelinda duka la mtu mchana na kusoma usiku, ambaye majirani zake wamjua kwa sauti ya kufuli lake tu. Kwake yeye makundi ya WhatsApp, ambayo wakubwa wengi huyaona kuwa upuzi, yamekuwa kitu cha thamani, maana nimeona jinsi watahiniwa wanavyopelekeana picha za hesabu walizozifanya usiku wa manane na kusahihishana ingawa hawajapata kuonana hata mara moja. Na iko Maktaba Kuu ya Taifa, Dar es Salaam, iliyofunguliwa mwaka 1967, ambayo meza zake hukaliwa na watu wengi wasiokuja kuazima kitabu, bali wamekuja na vyao, kwa kuwa ni rahisi zaidi kusoma mahali ambapo wengine nao wanasoma, na kwa kuwa baada ya siku kadhaa mtu aliye upande wa pili wa meza huacha kuwa mgeni, akakuuliza swali la nne wewe umelifanyaje. Laiti ningekuwa na neno katika mambo ya nchi, ningeomba maktaba hiyo na zile za mikoa ziachwe wazi mpaka saa nne za usiku, ili mtu atokaye kazini jioni, akasimama saa nzima kituoni akingoja basi, aukute mlango haujafungwa.